Salamu Nilizozitunga

Ulemo, Iramba
Alasiri, siku moja kabla hujasafiri

Mwanangu Penina,

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwafundisha watoto wa watu kwamba barua huanza na salamu, ikafuata hali ya nyumbani, halafu dhumuni. Hata wewe nilikukata alama darasa la tano kwa kurukia dhumuni. Leo salamu nimeziacha kwa makusudi, na sababu yake utaiona huko mbele.

Umekwenda Kinampanda kumuaga shangazi yako na umesema utarudi kabla jua halijatua. Nimejipa muda huo huo. Nipo mezani sebuleni, sanduku lako limeshafungwa liko pale mlangoni, na nje kuna gunia la mahindi ambalo nimemkataza kaka yako Danieli asiliguse. Nitalipukuchua mwenyewe. Ukinikuta nje nimekaa na ungo, ujue nimemaliza kuandika na barua iko juu ya sanduku lako.

Mambo ya koti, soksi na hati ya kusafiria sitayagusa. Wiki nzima hii kila aliyeingia hapa amekupa mawaidha ya Norwei. Baba yako mdogo Zakaria, ambaye baridi kali kuliko zote aliyowahi kuipata ni ya Kiomboi mwezi wa saba, amekufundisha namna ya kutembea juu ya barafu. Ulimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, nikakupenda kwa hilo. Mama mchungaji amekwambia usikae karibu na dirisha la ndege. Mimi nilikuwa kimya, na nadhani uliona. Ulinitazama mara mbili jana wakati wa chakula.

Mimi sijafika ng'ambo. Nchi ya mbali niliyowahi kufika mimi ni Newala, nayo ni Tanzania hii hii. Lakini nilipopangiwa kule kutoka chuo cha ualimu, nikashuka na godoro na sanduku la bati, niliona nimefika mwisho wa dunia. Watu wanasema Kimakonde, sielewi hata neno. Kiswahili changu cha bara wanakicheka. Maji yananunuliwa kwa ndoo. Nilikuwa kijana, na woga wangu niliuficha kwa kujifanya najua kila kitu. Mwalimu mgeni akionyesha hajui, niliwaza, watampanda kichwani.

Wiki ya pili, msichana wa darasa la sita aliyeitwa Somoe akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, umetwambia mvua inatoka baharini. Bahari ina chumvi. Mbona mvua haina chumvi?"

Wewe leo ni daktari wa sayansi ya udongo na maji, swali hilo ungelijibu huku unafunga kamba za viatu. Mimi sikulijua jibu. Nikamwambia kwamba mawingu yanaichuja ile chumvi kama chujio la chai. Darasa zima likaandika. Somoe aliliandika jibu hilo akalipigia mstari.

Mwaka uliofuata alikuja mkaguzi, akauliza darasani habari za mvua. Somoe akasimama kwa furaha, akatoa chujio langu la chai. Mkaguzi alicheka mpaka akavua kofia. Akamwuliza, "Nani kakufundisha hivyo?" Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na kabati. Yule mtoto alinitazama, kisha akatazama chini, akasema, "Nimesahau, mwalimu." Mimi nikanyamaza. Nikamwacha mtoto wa watu abebe aibu yangu mbele ya wenzake, na sikumwomba radhi hata siku ile nilipohama.

Nakusimulia hili kwa sababu Jumatatu ijayo utasimama mbele ya vijana wa watu, wengine warefu kuliko mlango wa nyumba hii, na wengi wao watakuwa hawajawahi kumsikia mtu wa Iramba akifundisha kitu. Utaona haya kusema hujui. Ukifika hapo, mkumbuke Somoe, useme tu, "Sijui, nitakwenda kutazama." Mimi neno hilo lilinishinda darasani, na baadaye likanishinda nyumbani, na la nyumbani ndilo ninaloliandikia barua.

Penina, nataka kukuambia habari za kifo cha mama yako.

Unazozijua ni hizi. Ulikuwa chuoni Dar es Salaam, mwaka wa mwisho, umebakiza mitihani minne. Mama yako akafariki. Tukakaa kikao cha ukoo, tukakubaliana usiambiwe mpaka umalize. Ndivyo tunavyofanya sisi, huna haja ya kufundishwa. Mtoto aliye mbali na mwenye mtihani hapewi habari ya msiba, anaitwa baadaye kwa maneno ya polepole. Hakuna aliyepinga kwenye kikao kile. Danieli nilimnyang'anya simu. Kwaya nzima niliikataza kupeleka picha mitandaoni. Watu waliniambia, "Mwalimu, umefanya la kiume."

Kwa siku kumi na moja ulinipigia kila jioni. Siku ya kwanza ulisema, "Baba shikamoo, mama yuko wapi, mbona simu yake haipatikani?" Nikasema kioo kimepasuka, Zakaria ameipeleka Shelui kwa fundi. Siku ya pili nikasema mama yuko kwa jirani. Nilikuwa nakwenda kusimama nyuma ya zizi ili usisikie watu waliojaa uani. Siku moja upepo ulikuwa mbaya, ukasikia nyimbo. "Kuna nini huko, baba, mbona wanaimba?" Nikakwambia kwaya wanafanyia mazoezi nyumbani kwetu. Ulicheka, ukasema mama amewapata wa kuwapikia chai.

Halafu nikaanza salamu. Hilo hakuna kikao kilichonituma. Siku ya nne ulikuwa na sauti ya unyonge, nikakwambia, "Mama yako anakusalimu. Anasema usiingie kwenye mtihani na njaa." Ukafurahi. "Mwambie nakula." Nikasema, "Nitamwambia." Kesho yake nikatunga nyingine, na keshokutwa nyingine. Nilikuwa nazitunga mchana nikiwa nimekaa na waombolezaji, nikichagua maneno ambayo angeyasema yeye hasa, na nilikuwa hodari, maana niliishi naye miaka ishirini na saba. Ulikuwa unapokea salamu za mtu ambaye nilikuwa nimeshamtupia udongo kwa mkono wangu.

Ulipomaliza mtihani wa mwisho, Zakaria alikupigia akasema mama mgonjwa kidogo, jitahidi uje. Alikupokea Shelui, akakubebea begi, akakuzungumzia bei ya alizeti njia nzima. Mwenyewe ulinisimulia baadaye kwamba mama mmoja wa vitunguu pale kituoni alikushika mkono akasema, "Pole mwanangu," na Zakaria akadakia haraka, "Ndiyo, pole na safari." Ulisema hapo ndipo ulipoacha kumsikiliza Zakaria. Lakini ulijikaza, ukafika. Ukaniona nimesimama mlangoni nimenyoa kichwa, ukajua.

Hukulia. Ningependa ungelia. Uliuliza, "Mlimzika saa ngapi?" Nikasema saa tisa, Ijumaa. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Saa tisa Ijumaa tulikuwa tunatoka kula. Kuna mtu alisema kichekesho, nikacheka sana." Kisha ukafungua begi, ukatoa miwani uliyomnunulia Kariakoo, ile ya kusomea, kwa sababu alikuwa akilalamika herufi za kitabu cha nyimbo zimekuwa sisimizi. Ukaiweka juu ya meza hii. Hukuigusa tena, wala hukuuliza imekwenda wapi.

Tangu hapo, miaka sita sasa, kila unapopiga simu nyumbani hukubali kuambiwa kwamba fulani hajambo. Unasema, "Nipe mwenyewe." Nikikwambia Danieli yupo, unataka sauti ya Danieli. Bibi yako kabla hajafa alikuwa hasikii vizuri, lakini ulikuwa unang'ang'ania mpaka tumwekee simu sikioni, akohoe tu. Watu husema, Penina ana upendo, anamsalimia kila mtu. Mimi najua unahakikisha nani yu hai. Mimi ndiye niliyekufanya hivyo, na kila unaposema "nipe mwenyewe" nasikia vibaya moyoni.

Sasa yale usiyoyajua.

Mama yako hakufa ghafla. Nilikwambia alianguka jikoni asubuhi na jioni hayupo. Nilikudanganya, nikamdanganya na Zakaria, na kikao chote kilikaa juu ya uongo wangu. Danieli alikuwa bado kwenye kazi yake ya machimbo ya dhahabu, alifika siku ya maziko, naye nilimwambia hivyo hivyo. Mama yako alianguka Jumapili, tukiwa wageni kwa mwalimu mwenzangu wa zamani, ndiyo maana huku nyumbani hakuna aliyejua. Alikaa hospitali siku nne, na akili yake ilikuwa timamu karibu siku zote. Ni figo. Siku ya pili daktari alinitoa nje kwenye kibaraza, akasema, "Mwalimu, kama kuna watoto walio mbali, waite."

Basi kutoka Dar ni siku moja. Ungepanda asubuhi, usiku ungekuwa kando ya kitanda chake. Nilikuwa na simu mkononi. Nilitafuta jina lako nikaliona, nikairudisha simu mfukoni.

Alikuulizia. Nisingependa kuandika hapa, lakini nikiruka hapa barua yote haina kazi. Alikuwa akikuulizia kwa Kinyiramba, maana ugonjwa ulipomzidi alikiacha Kiswahili. Aliuliza Penina anafika lini. Nikamwambia keshokutwa. Kesho yake akauliza tena, nikasema kesho. Siku ya mwisho aliniambia, "Mpigie niongee naye basi." Nikamwambia mtandao unasumbua. Alinitazama kwa muda mrefu. Tuliishi wote miaka hiyo yote, Penina, alikuwa anajua uso wangu ukoje nikisema uongo. Akageukia ukutani. Hakuniuliza tena, na alfajiri akafa.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimekuwa na miaka sita ya kutafuta jibu lenye heshima. Kikaoni nilisema ni kwa ajili ya mitihani yako, na wote wakaitikia kwa kichwa. Lakini mitihani hurudiwa, mimi ni mwalimu, najua. Kweli ni kwamba nilitaka mtoto aliyevaa joho. Baba yangu alichunga ng'ombe za watu, mimi nikaishia cheti, wewe ulikuwa umebakiza mitihani minne. Nilikuwa nimeshawatangazia watu. Na kweli nyingine, ambayo ni ndogo na mbaya zaidi, ni kwamba niliogopa kukusikia ukilia kwenye simu. Niliogopa kelele hiyo kuliko nilivyomwonea huruma mama yako. Joho ulilivaa, picha iko hapo ukutani, na siwezi kuitazama mchana nikiwa peke yangu.

Najua kwamba ukisoma hapa unaweza usitake kunipa mkono kesho. Nimeliwaza hilo. Nimeona ni afadhali uondoke umenikasirikia mimi nilivyo, kuliko uondoke unampenda baba niliyemtunga.

Bado jambo moja.

Mwezi wa tatu nilikwambia nimekwenda Dodoma kufuatilia mafao yangu. Nilikwenda hospitali. Nina saratani ya tezi dume, na imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Vile vidonge ulivyoviona juu ya kabati, nikakwambia ni vya presha, si vya presha. Daktari hakunitajia muda. Nilimwuliza kama nitayaona mavuno mengine, akaikunja karatasi yangu taratibu, akasema, "Mzee, tumwombe Mungu." Nilimshukuru, nikaenda kutafuta basi. Sikulia mpaka nilipofika Manyoni.

Tulikaa kikao tena, Penina. Hapa hapa sebuleni, mimi, Zakaria na Danieli. Wewe ulikuwa umeshapata ile barua ya chuo, mtaa mzima unajua. Zakaria akasema, "Mtoto akijua hataondoka. Nafasi kama hii haiji mara mbili." Akasema ikitokea la kutokea tutamwambia polepole. Danieli alikuwa anatazama sakafu. Na mimi nilikubali. Usinione mwema kwa sababu naandika leo, nilikubali siku ile bila kubishana, na nimekubali kila siku kwa miezi mitano. Nilikutazama ukikata tiketi. Nilikutazama ukinunua sanduku. Uliponiambia utanialika mwakani wakati wa kiangazi chao, nikasema nitakuja, nitafutie kofia.

Kilichonivunja ni kitu kidogo. Juzi nilipita uani nikamsikia Danieli anamuuliza Zakaria, "Sasa akipiga simu na baba hawezi kuongea, tutasema nini?" Na Zakaria akamjibu, "Tutamwambia baba anakusalimu."

Nilikaa pale kwenye kinu. Niliona yote yatakavyokuwa. Wewe uko chumbani kwako kule, giza la saa tisa mchana wanalolisimulia, umetoka kufundisha, unapiga simu. "Nipe mwenyewe." Na kaka yako mwenyewe, mtoto niliyemlea mimi, anakwenda kusimama nyuma ya zizi.

Kwanza nilipanga nikuwekee barua hii ndani ya sanduku, katikati ya kanga, uikute ukishafika. Niliiona ni akili nyingi. Jana nikatambua kwamba ni uongo ule ule, umevaa nguo ya safari. Ungesomea habari hizi mahali ambapo huwezi kuniuliza kitu. Ndiyo maana unaisoma leo, na basi lako ni kesho.

Sasa sitakufanyia tena nilivyokufanyia, yaani kumwamulia mtu mwingine. Nitakwambia ninachotaka na utafanya unachoona. Ninachotaka ni uende. Nataka ufundishe. Nataka vijana wale waulizane huyu mwanamke katokea wapi, na wewe uwaambie. Nikikusikia kwenye simu unalalamika kwamba wanafunzi wako ni wavivu, nitapona kwa dakika tano. Lakini ukirudi jioni hii ukafungua sanduku ukatoa nguo, sitasema neno, wala sitamruhusu Zakaria aseme. Na ukienda, usikae ukidhani ulinikimbia. Umejua, ukaenda, na mimi ndiye niliyetaka.

Danieli nimezungumza naye leo asubuhi, tukiwa wawili, nikamwambia na habari za mama yake. Alitoka nje, akarudi baada ya saa nzima, macho mekundu, akasema, "Shikamoo, baba," kama vile ndiyo kwanza tumeonana. Nikaitikia. Ameniahidi, siku ikifika atakupigia wewe kwanza, kabla ya mchungaji, kabla ya Zakaria, kabla mtu hajatandika mkeka. Atasema, "Penina, baba amekufa." Maneno hayo matatu, bila kuyazungusha. Nimemfanya ayaseme mbele yangu. Mara ya kwanza yalimkwama, nikamrudisha kama mwanafunzi, mara ya tatu akayasema vizuri. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kumpa mtoto. Wewe utaamua kama unakuja au huji, na mtu yeyote atakayesema tukusubiri au tusikusubiri, Danieli atamwuliza wewe umesemaje.

Na mtu akikupigia akasema baba mgonjwa kidogo, jitahidi, usihangaike kutafuta maana. Mkatize umwulize, "Yu hai au amekufa?" Hata akiwa mkubwa wako. Adabu hiyo nimekuondolea mimi.

Kuhusu salamu, ambazo sikuandika pale juu. Nimeapa, Penina, kwamba sitatuma tena salamu kwa mdomo wa mtu, na nimewakataza wote kuzibeba. Nikiweza kuongea utanisikia mwenyewe. Nikishindwa kuongea, Danieli ataniwekea simu mdomoni na utasikia ninavyopumua, na hiyo ndiyo itakuwa salamu. Siku utakapoambiwa tu "baba anakusalimu" na sauti yangu husikii, jua kwamba sikukusalimu. Jua kwamba nimeshaondoka.

Macho yamechoka. Nimeandika yote haya na miwani ya mama yako, ile uliyomnunulia Kariakoo, yenye zambarau pembeni. Naificha kwenye droo, naivaa ukiwa hupo. Leo sitaivua.

Wanasema basi la Kinampanda limeshapita barabarani, kwa hiyo u njiani. Naiweka barua juu ya sanduku na nakwenda kwenye mahindi. Ukimaliza kusoma njoo uketi nami, au usiketi, lakini uliza. Uliza mama yako alisema nini siku ile ya tatu hospitalini, uliza alikuwa amevaa nini, uliza mgongo unauma saa ngapi. Nitakujibu kila kitu, na nisichokijua nitasema sijui.

Baba yako